Mti Ulioota Chumbani Mwako

Mwanangu Zaina,

Salamu utazipata kesho asubuhi kwa mdomo wangu, pamoja na chai na kelele zangu za kawaida, kwa hiyo sizipotezei karatasi. Mambo ya sabuni, ya sweta, ya kutokaa karibu na mlango wa basi, ya kumsalimia kwanza mke wa mwenye nyumba kabla ya mwenye nyumba mwenyewe, hayo nimekwambia wiki nzima mpaka umeanza kuyamalizia wewe. Nayaacha. Huko Butare watakufundisha ualimu, na kama mpaka leo hujui kufua shuka, mimi nimeshindwa na wao wajaribu.

Nakuandikia mchana huu, wewe ukiwa umekwenda Nengo kumuaga bibi yako. Barua nitaiweka ndani ya sanduku, juu ya nguo, uisome ukifika. Asubuhi, ulipotoka tu, nimefanya kazi fulani katika chumba cha nyuma. Ukirudi jioni utaiona, na najua hutauliza kitu, maana siku hizi mimi na wewe tunaulizana chumvi iko wapi, basi.

Nianze na lile neno ulilonitupia Ijumaa mbele ya baba yako mdogo Bahati. "Mama, mi naenda zangu. We bakia na muti yako." Bahati alicheka, akidhani ni utani wa nyumbani. Mimi nilitoka nje nikakaa kuchambua maharage niliyokuwa nimeshayachambua. Neno lile liliniuma, Zaina. Liliniuma kwa sababu sikuwa na la kujibu, na mama asiye na jibu mbele ya mwanawe anajisikia mdogo sana. Jibu limekuja leo. Limechelewa, lakini limekuja.

Unakumbuka siku tuliyorudi kutoka ukimbizini Goma. Barabara imejaa watu kutoka mpakani, kila mmoja na godoro lake kichwani, na wewe umebeba sufuria mbili za shangazi yako ambazo hukukubali kuziacha. Nyumba tuliikuta kuta tupu. Mabati yamekwenda, milango imekwenda, misumari imeng'olewa mmoja mmoja. Chumba cha mbele kilibaki na paa nusu, kwa sababu mtu tusiyemjua alikuwa akilala humo. Na katika chumba cha nyuma, kile ulimozaliwa, katikati ya sakafu ya udongo, ulikuwa umesimama mti, mrefu kupita mlango. Uliniuliza, "Mama, nani alipanda hii?" Mimi nikashika jani lake, nikalipindua, nikaanza kucheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, na wewe ukaziangusha sufuria.

Sikukueleza siku ile nilikuwa nacheka nini. Nilikuwa namcheka baba yako.

Unamjua baba yako na miti. Alikulia Kigoma, ndiyo maana mti ule aliuita mpesi, na sisi wote nyumbani tukafuata Kiswahili chake. Kabla ya vita alikuwa mtu wa kitalu cha miche kule Kanama, na siku za mapumziko yeye na Bahati walichonga mipini ya majembe wakaiuza sokoni. Kitaluni alikuwepo bwana miti mmoja aliyesomea Ulaya, naye ndiye aliyemwambukiza huo ugonjwa wa kutafuta ukoo wa kila mti. Tangu hapo hakuna kichaka tulichokipita salama. Tunakwenda harusini, mimi nimevaa viatu vya kuazima, mvua inakuja, na mume wangu amesimama njiani anapindua majani kumtafuta ndugu wa nani ni nani.

"Mama Zaina, tazama tako la jani," aliniambia siku moja mbele ya watu, nami nikamwambia aone haya. Lakini ukoo wa mpesi hapo ndipo unapotambulika. Jani halikai sawa kwenye kikonyo chake. Upande mmoja unashuka zaidi, mwingine unaishia juu, kama mtu aliyefunga kitenge kwa haraka. Mishipa mikubwa mitatu inaanzia pale pale chini. Kingo zina meno madogo kama ya msumeno, na juu ya jani pakavu panakwaruza kidole. Mkubwa wa ukoo yuko Ulaya, Wafaransa wanamwita orme, mti mrefu wa kando za barabara, na bwana miti alisema huko unakufa kwa maradhi yanayosambazwa na mdudu anayetoboa maganda. Baba yako alirudi nyumbani na habari hiyo amenyong'onyea kabisa. Nilimuuliza kama tutume rambirambi.

Ndugu wa huku kwetu aliwajua watatu. Wa kwanza ni ule mrefu wa msituni, wenye gome laini la kijivu na mbao nyeupe ngumu, unaonuka vibaya ukiukata ukiwa mbichi. Huo ndio wa mipini. Jembe lenye mpini wake unalirithi kutoka kwa mama yako. Wa pili una miiba, hatukuwa na shida naye. Wa tatu ndio mpesi, mdogo wao asiye na adabu, hangoji kupandwa. Maua yake ya kijani huyaoni mpaka uyatafute kwenye kwapa la jani, na matunda yake ni madogo kuliko punje ya mtama, yakiiva ni meusi, ndege wanayala na kwenda kuyaangusha popote. Pakiwa na kivuli hauoti. Lakini palipoungua, palipoporomoka, palipolimwa pakaachwa, hata juu ya yale mawe ya volkano ya Goma, wewe geuka tu utaukuta. Unakua haraka kuliko mtoto. Na mti wake ni laini, wa kuwashia moto na makaa mepesi, haufai mpini hata wa jembe la kuchezea.

Sasa umeelewa. Nyumba ilikaa bila paa, jua likaingia, ndege wakaingia, na yule mdogo asiye na adabu akaja kulala chumbani kwa baba yako Saidi. Nilipolipindua lile jani niliisikia sauti ya baba yako. Nikasema moyoni, mwache aje aukute mwenyewe, atacheka mpaka akae chini, kisha atachukua shoka aukate. Nilimwachia kazi yake, kama mke anavyomwachia mume kazi fulani nyumbani ili akirudi aone alihitajika.

Kwa maana tulirudi bila yeye, na wakati ule nilihesabu ni jambo la siku chache. Alikuwa amekwenda upande wa Sake kutafuta ule mti wa mipini, kwa kuwa karibu na Goma watu wa kambi walikuwa wamemaliza kila kitu chenye shina. Mapigano yakafunga barabara nyuma yake. Wenzetu wakaingia njia ya kurudi huku, waliokuwa kule wakasukumwa ndani zaidi, kuelekea Masisi. Hukuwa mtoto mdogo, unayajua haya. Nayaandika kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kuyasema tukiwa tumekaa.

Mwaka ule Bahati alikuja na mabati. Si mapya, yana matundu ya misumari, lakini ni mabati. Akasema tuukate mti, tuezeke chumba cha nyuma, upate pa kulala. Nilimwambia, ngoja kwanza mti ukomae, tutapata mipini. Nilimwambia hivyo mtu anayeishi kwa kuchonga mipini! Bahati akanijibu, "Shemeji, we unajua hii muti haikomaaka. Utangoja mpaka kiyama, na siku ile bado itakuwa tu laini." Nikasema hata hivyo, ngoja. Yale mabati yakaenda kuezeka nyumba ya jirani yake.

Tangu hapo kila aliyeuliza nilimpa sababu. Mara kivuli chake kinafaa kuanikia nguo za rangi. Mara majani yake ni dawa, na wewe ulipokohoa nikakuchemshia ukatapika, ukasema bora kikohozi. Mara Bahati anahitaji majani makavu ya kusugulia mipini ing'ae, na kweli alikuwa akija kuyachuma, maskini, nafikiri alikuja ili nisionekane mwongo. Wewe ulikuwa unalala nami kitanda kimoja, umeshakuwa msichana mkubwa, goti lako mgongoni mwangu, na upande wa pili wa ukuta chumba kizima kimelala mti.

Halafu akaja yule mtu wa Busasamana.

Alikuwa amerudi kutoka Masisi, amekonda, amekaa pale pale kizingitini ninapoandika sasa. Ulikuwepo. Ulimpa maji. Akasema, "Mama, nilimuona Saidi kando ya barabara, ameikala chini, miguu imevimba yote mbili. Alituambia, muende tu. Bon, sisi tulienda, risasi ilikuwa nyuma yetu. Wenye walikuja kisha sisi kupita, ni wao walimuzika." Wewe ulikaa chini pale ulipokuwa umesimama, kikombe mkononi. Mimi nikamuuliza, alikuwa amevaa nini? Akasema koti ya kijani. Nikamwambia, basi si yeye, Saidi hakuwa na koti la kijani. Nikamshukuru, nikampa ndizi za njiani, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Niliporudi ulikuwa bado umekaa chini, ukanitazama. Lile koti tulilinunua sote wawili, mimi na wewe, kwenye mitumba ya Goma, na ni wewe uliyechagua rangi.

Laiti ungenipigia kelele. Siku ile ulianza matanga yako peke yako, bila watu, bila uji, bila mtu wa kukushika mkono, kwa sababu mama yako alikuwa amemsindikiza mgeni na kurudi kupika. Nilikuona ukilia nyuma ya choo, nikajifanya nasaka kuku. Nilidhani nikikufuata nitakuwa nimekubali. Kwa hiyo nilikuacha, Zaina, nikaenda kuumwagilia mti maji. Wakati wa mvua! Mpesi ambao hata jiwe linautosha, mimi nikaumwagilia.

Sitaki useme mama alipotewa na akili. Akili nilikuwa nayo, nauza maharage, narudisha chenji sawasawa. Ila kila jioni nikiona lile shina bado limesimama nilijiambia kazi ya Saidi bado ipo, na kama kazi ipo basi mwenyewe yuko njiani. Ukiukata, nani atakuja kucheka? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

Na ile nafasi ya shule ya mwaka jana. Nilisema barabara ya Ruhengeri si salama. Haikuwa salama, wote tunajua, magari yalikuwa yanachomwa na watu wakiwa ndani. Nilikuwa na haki ya kuogopa. Lakini siku mwalimu wako alipokuja kusema nafasi imepewa mwingine, nilipumua. Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kwamba utabaki kulala ubavuni mwangu mwaka mwingine, tungoje wote. Kungoja peke yako kunachosha, na mimi nilikutaka unisaidie kufanya kitu ambacho wewe ulijua hakina mwisho. Hilo ndilo linalonikosesha raha leo kuliko koti.

Kama kuna kitu cha kuchukua kwangu uende nacho, chukua hiki, kisha ukitupe kama hakikufai. Utapoteza watu. Sikuombei, lakini nchi hii unaijua. Siku hiyo ikifika usimpe mtu mwingine zamu katika kungoja kwako. Na mtu akikuletea habari amekaa kizingitini, mwache amalize.

Jumatatu, baada ya lile neno lako, nilikwenda kwa shehe. Nilimweleza yote, na koti. Nikamuuliza kuhusu eda, kwa sababu sikukaa eda kamwe, sikuvaa nguo nyeupe, sikujifungia, nimezunguka sokoni kama mke wa mtu. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia kwamba kama alifariki wakati ule walipomzika, basi siku zangu za eda zilikwisha zamani, zilipita zenyewe. Yaani zilipita nikiwa napima maharage na kubishana na wateja. Nimekuwa mjane, nikamaliza kukaa ujane, na sikuwa na habari. Nilitoka pale, nikakaa kwenye ukuta wa msikiti mpaka mama mmoja akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ndiyo.

Kilichobaki, alisema shehe, ni kumsomea hitima. Nitamwalika nani? Nitasema nini, kwamba marehemu ni marehemu tangu lini?

Sasa nikwambie ya leo.

Ulipopinda kona ya kwenda Nengo nilichukua kisu cha Bahati nikaingia chumbani mwako. Jua lilikuwa limeingia kupitia majani, na wale ndege walikuwa juu wanakula matunda, wakanitupia maganda kichwani bila heshima. Nilizungushia kisu shina lote, chini karibu na sakafu. Kisha nikazungusha tena kwa juu, kadiri nilivyofikia nikiwa nimesimama kwenye kinu. Nikapasua wima, nikavuta. Ganda la mpesi linabanduka lenyewe ukilianza vizuri, refu, na ndani lina utelezi kama bamia. Nyuzi zake ndizo kamba ya kwanza baba yako aliyonifundisha kusokota, tukiwa wachumba, mimi nikijifanya sijui ili aendelee kunishika vidole.

Mti ukivuliwa ganda pande zote hauponi. Nilijua hivyo nilipokuwa nazungusha kisu. Shina lilibaki jeupe na lina maji maji, na mimi nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti, kilio kilekile ambacho ungetakiwa ukisikie siku ya yule mtu wa Busasamana. Nilimwita baba yako kwa jina lake. Kisha nikasema ile dua tunayosema mtu akifa. Nimeisema mara moja tu, lakini nimeisema. Jirani alichungulia ukutani, "Mama Zaina, kuna nini?" Nikamwambia, nimefiwa na mume wangu. Akasema, pole sana mama, akaja akakaa nami. Hakuuliza lini.

Naogopa, usifikiri nimekuwa shujaa. Naogopa barabara yako ya kesho ingawa wanasema imetulia. Naogopa kitanda kitakavyokuwa kipana. Naogopa zaidi kwamba umeondoka ukiwa umeshaamua hurudi, na mimi nimechelewa kwa siku moja baada ya kuchelewa miaka. Kama umeamua hivyo sina neno, nilikufundisha mwenyewe kumpa mtu mgongo. Lakini nakuomba urudi.

Jumamosi Bahati anakuja kuliangusha shina. Atalitoa kupitia mahali pa paa, kwa sababu mlangoni halipiti tena. Kuni zake zitapikia watu siku ya hitima, zinawaka haraka, zitatosha kwa chai. Mabati yatakuwa ya aina yoyote nitakayopata. Hitima sitaisoma mpaka likizo yako, kwa maana safari hii hutalia nyuma ya choo. Utakaa mbele, karibu nami, na nitawaambia watu kwamba huyu ndiye aliyechagua lile koti.

Nasikia watoto wa jirani wanakusalimia huko nje, kwa hiyo namaliza.

Ile kamba ya kahawia uliyokuta imefunga sanduku lako, yenye harufu ya mti mbichi, nimeisokota mimi leo. Natumaini hukuikata kwa kisu, fundo lake linafunguka ukilisukuma kwa kidole gumba. Ikunje uiweke vizuri, na ukija uje nayo. Chumbani mwako hakuna pa kutundika nguo.

Mama yako